Likizo ya Perusi

Nchi yetu si kubwa. Ukiianza asubuhi kwa basi, jioni umeimaliza, kama hukukutana na msafara wa waziri. Lakini ina sheria nzuri kuliko nchi zote ninazozijua, na mimi sijui nyingine yoyote.

Mojawapo ni Sheria ya Likizo Kamili. Inasema kwamba hakuna raia atakayefutwa kwenye daftari la walio hai ikiwa bado ana likizo ambayo hajaichukua. Wabunge waliipitisha kwa kupiga meza, meza mbili zikavunjika. Walisema ni aibu mtu alitumikie taifa maisha yake yote halafu afe bila kustarehe. Kwa hiyo siku hizi hafi.

Mke wangu Perusi alikuwa dobi wa hospitali ya wilaya kwa miaka ishirini na miwili. Kila mwaka aliomba likizo, na kila mwaka msimamizi wake alimjibu kwamba shuka bado ni chafu. Hakudanganya, zilikuwa chafu, ilikuwa hospitali. Halafu Perusi akaumwa kifua wiki mbili, akafa Alhamisi saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano.

Nikaenda kuripoti. Karani alifungua faili, akatikisa kichwa.

"Huyu hawezi," akasema.

"Hawezi nini?"

"Kufa. Ana likizo za miaka ishirini na miwili hapa. Hajagusa hata moja."

"Ameshakufa, ndugu yangu."

"Huko kwenu, sawa. Hapa bado."

Nikamzika. Tulikuwa watu wanne pale kaburini, pamoja na mchimbaji, maana sheria hiyohiyo inakataza kuhudhuria mazishi ya mtu aliye hai, na majirani zangu ni watu wa kufuata sheria. Walinichungulia madirishani. Hakuna aliyekuja kunipa pole. Hakuna aliyetandika mkeka uani, wala aliyeleta sukari. Pole isiyo na kibali ni uchochezi.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Shule niliishia darasa la tano, lakini herufi zangu zimenyooka kuliko za waliomaliza. Nimeandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za wizara nne. Nimeandika majina ya mawaziri kumi na mmoja kwenye milango yao, na nimefuta tisa. Basi nikachukua brashi na kopo la rangi nyeusi, nikaenda kuandika jina la mke wangu kwenye kaburi lake. Msimamizi wa makaburi, Bwana Kiondo, alinidaka mkono nikiwa kwenye herufi ya kwanza.

"Unaandika jina la mtu aliye hai juu ya kaburi? Huko ni kumtakia mtu mabaya kwa maandishi. Unakwenda jela, Fundi Elieza."

Akaifuta ile herufi kwa mafuta ya taa, akaandika namba kwa chaki: 4417. Mvua ikinyesha namba inafutika, naye anakuja kuiandika upya, maana ni mtumishi mwaminifu. Mara moja alikosea akaandika 4471, na kwa mwezi mzima mke wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu.

Nilichotaka kwa serikali ni herufi sita tu. Nikaelezwa kwamba kwa hizo herufi sita inabidi nimpeleke marehemu likizo.

*

Mwaka wa kwanza fomu yangu ilipotea. Mwaka wa pili mji wa likizo ulifungwa, kwa kuwa Rais naye alikuwa amechoka. Mwaka wa tatu ikaja barua yenye nembo ya Wizara ya Likizo na Furaha. Bwana na Bibi Elieza Semboja walialikwa Kwebaridi, kule mlimani, kwa wikendi ndefu ya Sikukuu ya Mlima, Ijumaa mpaka Jumatatu. Jumatatu hiyo Msajili Mkuu mwenyewe angekuwa hukohuko, akifunga mafaili ya waliomaliza likizo zao, maana wikendi moja ya Wizara inahesabiwa sawa na likizo zote. Chini yake waliandika kwa wino mwekundu: "Mje na nguo za baridi. Wanandoa waonekane wanafurahi."

Kwebaridi ni mji mzuri, nasema kweli. Nyumba zina mabati mekundu na mabomba ya moshi. Barabara zimepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kila mwaridi una kibao chenye jina la kiongozi aliyeupanda. Misonobari imesimama mistari kama askari wa gwaride. Zaidi ya hapo sikuona kitu, kwa sababu kulikuwa na ukungu.

Mlangoni mwa hoteli alisimama mwanamke wa makamo, amevaa sweta la kijani, kifuani ana beji iliyoandikwa "Nakijwa, Mhudumu wa Furaha".

"Karibu baba," akaniambia. Halafu akainamisha kichwa upande wangu wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu. "Karibu mama."

"Niko peke yangu."

"Fomu inasema wawili."

"Mwenzangu alikufa."

"Shikamoo mama," akaiambia ile nafasi tupu, akasubiri kwa kadiri mtu mzima anavyochukua kuitikia marahaba. Kisha akanigeukia. "Ni mama nani?"

"Si mama wa mtu. Hatukujaliwa. Ni Perusi."

"Basi karibu sana, Bi Perusi. Pole na safari. Baridi ya huku usiidharau, jifunike kifua."

Nilitaka kumtukana. Tusi lilishafika mdomoni. Lakini kwa miaka mitatu hakuna mtu mwingine aliyelitaja jina lile mbele yangu, hata wale waliokuwa wakija kumwazima ungo. Nikalimeza tusi, nikabeba begi.

Chumbani kulikuwa na vitanda viwili, mataulo mawili, na vikombe viwili vimefunikwa visahani. Nililala cha mlangoni. Cha ukutani nilikiacha, maana Perusi alikuwa mtu wa ukutani.

*

Asubuhi ukumbi wa chakula ulikuwa na meza kama arobaini, kila moja ya watu wawili. Karibu nusu ya meza hizo zilikuwa na kiti kitupu. Wahudumu walipita wakimimina uji kwenye mabakuli yote, ya walio na midomo na ya wasio na midomo, bila ubaguzi. Ndiyo maana nasema nchi yetu ina usawa.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyenyoa vizuri, Mzee Shekigenda. Mgongo wa kiti cha mkewe alikuwa ameutandika khanga.

"Hujambo shemeji," akakisalimu kiti cha Perusi. Kisha akaniambia mimi, "Mke wangu anasema shemeji amekonda."

"Amekonda kweli. Amekufa."

"Sss!" Alitazama huku na huku. "Mpaka Jumatatu, bwana. Unakuja kuharibia watu chai?"

"Wewe umekuja mara ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mara tisa hujafungiwa faili?"

"Wananiita kila Jumatatu. Nikifika mezani nawaambia leo mkono unauma." Akacheka, akakoroga uji wa mkewe usije ukaganda juu. "Wewe mgeni, sikiliza. Ukitia saini tu, wanaondoa kiti. Mimi nyumbani nina viti sita, na hakuna anayekuja kukaa na kuniuliza mke wangu ameamkaje. Hapa naulizwa mara tatu kwa siku, kabla ya kula na baada ya kula. Wahudumu wanafundishwa chuoni kuuliza hivyo."

Nilimwona mjinga. Namwomba radhi.

Jambo la chakula nilitaka kulielewa. Bakuli likirudi jikoni limejaa, hilo ni kosa la kususia chakula cha taifa, na mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Kwa hiyo Nakijwa alichukua bakuli la Perusi, akasimama nyuma ya nguzo, akatupa mgongo, akala harakaharaka kama mtu anayeiba. Akarudi akipangusa mdomo.

"Bi Perusi amemaliza. Anasema chumvi imezidi."

"Chumvi aliipenda," nikasema.

"Aliipenda?"

"Alikuwa anaramba kiganjani. Nikimkataza ananiambia nikaandike bango."

Nakijwa akacheka, halafu akaufunga mdomo kwa sababu mkaguzi alikuwa anatazama. Akatoa kalamu. "Basi nitasahihisha. Chumvi haikutosha."

*

Mchana tulipelekwa kwenye Uwanja wa Kuutazamia Mlima. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Waziri wa Likizo na Furaha tulimtambua kwa sauti tu.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wachache, wenye nia mbaya, wanaosema hapa hakuna mlima. Nataka kuwathibitishia kwamba mlima upo! Wizara yangu iliutembelea mwaka jana, ikaukuta mahali pake. Mwaka huu tumeuongezea mita arobaini!"

Tukapiga makofi kuelekea kwenye ukungu.

"Serikali haiwezi kumlazimisha mtu kuona," akaendelea. "Lakini inatarajia."

Mkaguzi akapita na karatasi ya waliouona mlima. Alipofika kwangu akaweka alama ya vema kwenye jina la Perusi, akasita kwenye langu.

"Umeuona?"

"Sijauona."

"Mkeo ameuona, wewe mwanamume mzima umeshindwa?"

"Muulize aliuona wapi."

"Bi Perusi hajalalamika," akasema, akaandika jambo refu kwenye nafasi yangu. Nyuma yangu Mzee Shekigenda alikuwa anamwonyesha mkewe kilele kwa kidole, na kumwelekeza asikosee akatazama wingu.

*

Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya Fomu ya Furaha. Nakijwa alikuja barazani na ubao wa kuandikia, akavuta kiti chake, akakaa akikielekea kiti cha Perusi. Wahudumu wamekatazwa kumruka mgeni.

"Bi Perusi, nitakuuliza maswali kumi. Mume anaweza kusaidia kwa yale anayoyajua. Moja. Unalala vizuri?"

"Anakoroma," nikasema. "Akishtuka anasema ni mimi."

"Mbili. Unapenda kinywaji gani?"

"Chai ya tangawizi. Bila sukari, halafu anakula kipande cha sukari guru pembeni, anasema hiyo haihesabiki."

Nakijwa aliandika. Aliuliza hasira zake, nikamwambia kwamba akikasirika alikuwa anafua, hata nguo safi, kana kwamba za hospitali hazikumtosha. Aliuliza wimbo, nikamwambia hakujua wimbo wowote mpaka mwisho. Aliuliza mikono yake ikoje. Sijui kama swali hilo lilikuwa kwenye fomu. Nikamwambia ilikuwa imechubuka na sabuni ya magadi, haikupona hata siku aliyolazwa, na nesi alihangaika kupata mshipa.

Niligundua nimezungumza mpaka chai yangu imepoa. Katika miaka mitatu yote sikuwahi kuongea hivyo. Huko nyumbani nazungumza na wateja, na wateja wanataka kujua bango litakauka lini.

"La kumi," akasema Nakijwa. "Ungependa kwenda wapi likizo ijayo?"

Nikafungua mdomo.

Tuliishi na Perusi miaka ishirini na minane kwenye chumba na sebule. Alikuwa anarudi jioni, anakaa kwenye ngazi ya mlango, anavua viatu, anatazama barabara. Nilidhani anapumua tu. Sikuwahi kumuuliza barabara ile, kama angeifuata, ingempeleka wapi.

"Sijui," nikasema.

Nakijwa alisubiri. Kwa utaratibu wao, swali la kumi lazima mgeni ajibu mwenyewe. Tulikaa hivyo, watu wawili tukikitazama kiti.

"Na wewe ungependa kwenda wapi?" nikamuuliza hatimaye.

Alishtuka. "Mimi? Nimewauliza wageni miaka kumi na sita. Sijawahi kuulizwa."

"Likizo zako unakwendaga wapi?"

"Likizo gani, baba? Nikienda mimi, nani atawahudumia wa likizo?"

"Kwa hiyo na wewe hufi."

"Ndivyo ninavyosikia," akasema. Tukacheka wote wawili, kidogo, kwa sababu kwenye korido mkaguzi alikuwa anapita.

Kwenye nafasi ya swali la kumi aliandika: "Mgeni ameridhika na alipo."

*

Jumatatu Msajili Mkuu alikaa kwenye jukwaa, mbele yake meza yenye kitambaa cha kijani na mihuri saba. Alikuwa mnene, ana sauti ya mtu aliyezoea kusomea watu vitu walivyoandika wao wenyewe. Tulipanga foleni, wenye mafaili ya kufungwa. Mzee Shekigenda alikuwa nyuma yangu, tayari ameufunga mkono bandeji.

"Semboja Elieza na Semboja Perusi," akasoma. "Furaha ya mume: alama thelathini na moja. Aibu. Furaha ya mke: alama tisini na nne!" Akavua miwani na kukitazama kiti kitupu cha Perusi, kilichowekwa kando yangu. "Hongera, mama. Amemaliza chakula chote. Mlima ameuona. Hakulalamika, hakupiga kelele, hakuuliza swali hata moja. Taifa linahitaji raia wa namna hii."

Watu wakampigia makofi.

"Hapa pana mambo mawili, Bwana Semboja. Kwa kuwa ni mgeni wa mfano, Wizara inampa nafasi ya kudumu. Kila mwaka, Sikukuu ya Mlima, chumba chenye dirisha, na mhudumu yuleyule. Wewe utamsindikiza. Au utie saini hapa, faili lifungwe, awe amekufa leo."

"Amekufa miaka mitatu iliyopita."

"Bwana Semboja, jana usiku alikula wali na maharage. Ninayo taarifa. Unataka niandike uongo kwenye hati ya serikali?"

"Usitie," akaninong'oneza Mzee Shekigenda. Nikahisi pumzi yake shingoni. "Usitie, bwana mdogo. Mwakani tutaomba meza ya watu wanne. Wake zetu wamezoeana."

Nakijwa alikuwa amesimama ukutani na wahudumu wenzake. Hakunionyesha ishara yoyote. Nikafikiri mwaka mzima utapita, kisha nitafika mlangoni pale na mtu atasema karibu Bi Perusi, jifunike kifua. Nikafikiri nyumbani, ambako hata paka wa jirani amejua hakuna haja ya kuja saa ya chakula. Kalamu nilikuwa nimeshaishika, na mkono ulikuwa haushuki.

"Naomba kuisoma taarifa," nikasema.

Nikasoma polepole. Amemaliza chakula. Ameuona mlima. Hajalalamika. Ameridhika na alipo.

Perusi alilalamika tangu siku ya harusi. Alisema viatu vimembana na mchungaji anaongea sana. Alilalamikia sabuni, alilalamikia wabunge, alinilalamikia mimi. Angeletwa pale uwanjani angesema kwa sauti kwamba ni ukungu mtupu, na tungerudishwa nyumbani siku ileile. Huyu wa alama tisini na nne sikumjua. Kila mwaka ningekuwa nakuja likizo na mke wa Wizara.

Nikatia saini.

Mihuri saba ikagongwa. Kabla ya wa saba haujakauka, watu wawili walikuja wakakiondoa kiti. Mzee Shekigenda alipita mbele akaonyesha bandeji yake, na aliporudi hakunitazama tena. Nilikuwa nimeua mtu aliyekuwa rafiki ya mkewe.

Mlangoni, Nakijwa alinipa begi langu.

"Safari njema, baba," akasema. Akageuka kidogo kushoto kwangu, midomo ikafunguka, akakumbuka kanuni, akaifunga. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu kiliwekwa tenga la peasi za mkaguzi.

*

Jumanne nikaenda makaburini na hati. Bwana Kiondo aliisoma mara mbili, akaipindua, akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Hapa imeandikwa amefariki jana."

"Ndiyo."

"Sasa huyu aliyemo humu miaka mitatu ni nani?"

"Ni yeye."

"Fundi, mtu ataingiaje kaburini kabla ya kufa? Nitaandika nini kwenye daftari?"

Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na nguvu ya fomu nyingine.

"Andika aliwahi," nikasema.

Bwana Kiondo alilifikiria. Katika utumishi wake hakuwahi kuona mtu aliyewahi mahali popote. Waziri anachelewa, mvua inachelewa, mshahara wake mwenyewe unachelewa. Uso wake ukaingia heshima.

"Aliwahi," akaandika, akapiga mstari chini yake. "Endelea, fundi. Pole kwa msiba."

Ndiyo pole pekee niliyoipata, na ilikuwa halali.

Nikachora mistari miwili ya penseli, nikafungua rangi. Perusi. Ilichukua dakika kumi na mbili, kwa sababu niliifanya taratibu. Bwana Kiondo alilisoma kwa sauti, akasema herufi ni nzuri, akaenda zake kwa wengine.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na kazi ya kulitafutia jina hilo ruhusa. Niliamka kwa ajili yake, nikapanga foleni kwa ajili yake, nikagombana na makarani kwa ajili yake, na jioni nilikuwa na jambo la kukasirikia. Sasa limeandikwa. Nikaosha brashi kwa tapentaini, nikaikausha, nikaosha tena. Nikakaa hapo chini nikisubiri rangi ikauke. Ikakauka. Nikaendelea kukaa.